Maisha ya Rembrandt, Mchoraji wa Sura za Watu

Katika nyumba nyingi hapa Kisanga iko picha ya mtu ukutani. Mara nyingi mtu huyo ameshafariki. Ni baba, au mama, au mtoto aliyeondoka mapema. Watu wakija matanga, picha hiyo huteremshwa na kupanguswa vumbi. Kisha hupitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu huitazama.

Siku hizi tunapiga picha kwa simu. Zamani hapakuwa na simu wala kamera. Mtu aliyetaka kubaki na sura ya mpenzi wake ilimbidi amtafute mchoraji. Mchoraji alikaa naye siku nyingi, akamtazama, akaichora sura yake kwa rangi.

Lakini mchoraji naye ni mtu. Naye hufiwa. Habari hizi ni za mchoraji mmoja wa nchi ya Uholanzi aliyeitwa Rembrandt. Alifariki mwaka 1669, na mpaka leo watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kutazama picha zake. Alizika watoto, alizika wake, alizika watu wa nyumba yake karibu wote. Misiba hiyo iliingia katika kazi ya mikono yake.

MTOTO WA MSAGA KIMEA

Rembrandt alizaliwa mwaka 1606 katika mji wa Leiden. Baba yake aliitwa Harmen. Alikuwa na kinu kilichozungushwa na upepo, karibu na mto Rhine. Ndiyo maana ukoo wao uliitwa van Rijn, yaani watu wa mto Rhine. Kinu hicho kilisaga kimea cha kutengenezea pombe. Akina mama wapika pombe wanakijua kimea: nafaka huloweshwa, ikachipua, ikaanikwa, ikasagwa. Kwetu ni mtama au ulezi au mahindi. Kwao ilikuwa shayiri.

Mama yake aliitwa Neeltgen, binti wa mwoka mikate. Rembrandt alikuwa mtoto wa tisa. Wazazi walimpeleka shule, na mwaka 1620 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, akiwa bado kijana mdogo. Lakini moyo wake ulikuwa katika kuchora. Basi wazazi wakakubali. Alijifunza kazi miaka mitatu kwa mchoraji wa pale Leiden, kisha miezi sita kwa mchoraji mwingine, Pieter Lastman, katika mji mkubwa wa Amsterdam.

Msomaji ataka kujua rangi zenyewe zilitoka wapi. Nyingi zilitoka ardhini. Mtu anayesiliba ukuta wa nyumba kwa udongo mwekundu, au udongo wa manjano, anashika rangi zilezile alizotumia Rembrandt. Udongo ulisagwa ukawa laini kama unga, ukachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Rangi nyeusi ilipatikana kwa kuchoma mifupa. Nyeupe ilitengenezwa kwa madini ya risasi, nayo ilikuwa na sumu. Rembrandt hakupenda sana rangi za kung'aa. Kwa udongo, mifupa na risasi aliweza kuichora ngozi ya mtu hata ukadhani ina damu ndani yake.

Mwaka 1632 alikuwa amehamia Amsterdam, akapata sifa haraka. Mwaka huo alichora picha ya daktari Nicolaes Tulp akiwafundisha wenzake habari za mwili wa binadamu, huku maiti imelazwa mezani. Matajiri wa mji wakaanza kupanga zamu wachorwe. Walitaka kola zao nyeupe zionekane, na hariri, na pete. Rembrandt aliwapa walichotaka. Aliweza kuchora kola hata nyuzi zake ukazihesabu.

SASKIA

Rembrandt alifanya kazi kwa mfanyabiashara wa picha aliyeitwa Hendrick van Uylenburgh. Hapo ndipo alipomjua Saskia, ndugu wa ukoo wa mfanyabiashara huyo. Saskia alikuwa yatima. Marehemu baba yake alikuwa meya wa mji wa Leeuwarden, kwa hiyo alitoka katika ukoo wenye heshima kuliko ule wa msaga kimea.

Mwezi Juni, mwaka 1633, walichumbiana. Rembrandt alimchora kwa kalamu ya fedha juu ya kipande kidogo cha ngozi ya kuandikia. Saskia amevaa kofia pana ya majani, ameshika ua, ameegemeza shavu mkononi, naye anatabasamu kidogo. Mwaka uliofuata, 1634, wakaoana.

Miaka hiyo Rembrandt alimchora Saskia mara nyingi sana. Alimvika maua kichwani kama malkia wa masika. Alimchora akicheka. Mtu anayezitazama picha hizo anaona kijana aliyefurahi mno, na pengine anayejivuna kidogo. Mwaka 1639 walinunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000. Fedha hizo hawakuwa nazo zote, wakakubali kulipa kidogo kidogo. Deni hilo tutalikuta tena.

Lakini katika chumba cha kulala mambo yalikuwa mengine. Mtoto wao wa kwanza, Rombertus, alizaliwa mwezi Desemba, 1635. Aliishi miezi miwili tu. Mwaka 1638 wakapata binti, wakamwita Cornelia kwa jina la mama yake Rembrandt, maana Neeltgen ni jina hilohilo la Cornelia likifupishwa. Mtoto hakumaliza mwezi. Mwaka 1640 wakapata binti mwingine. Wakampa tena jina la Cornelia, kama watu wanaokataa kushindwa. Huyo naye hakumaliza mwezi. Na mwaka huohuo wa 1640, mwezi Septemba, mama yake Rembrandt akafariki kule Leiden.

Ziko barua saba zinazojulikana ambazo Rembrandt aliziandika kwa mkono wake. Zote zinahusu picha na malipo. Hakuna hata moja inayoeleza huzuni ya watoto wake. Huzuni hiyo lazima tuitafute katika karatasi za michoro. Huko tunamkuta Saskia akiwa kitandani. Amelala. Ameamka lakini hajainuka. Ameegemea mito, macho yanatazama mahali pasipo na kitu. Rembrandt alikaa kando ya kitanda na kalamu na wino, akamchora upesi upesi. Michoro hiyo haikuwa ya kuuza. Ni kazi ya mume anayeuguza, ambaye mikono yake haijui kukaa bure.

Mwezi Septemba, 1641, alizaliwa mtoto wa nne, mvulana. Wakamwita Titus. Huyo aliishi. Lakini mama yake hakupata nguvu tena. Mwezi Juni, 1642, Saskia aliandikisha wosia. Mali yake alimwachia Titus, na Rembrandt awe na haki ya kuitumia mpaka atakapooa tena. Siku tisa baadaye, tarehe 14 Juni, Saskia akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 29. Titus alikuwa mtoto wa miezi tisa.

Saskia alizikwa ndani ya Kanisa la Kale la Amsterdam.

Iko picha moja ya Saskia ambayo leo iko katika mji wa Kassel, nchini Ujerumani. Amevaa nguo nyekundu nzito, kofia yenye unyoya, na mapambo mengi. Anatazama upande. Rembrandt alianza kuichora karibu na wakati wa harusi yao. Hakuimaliza. Aliiacha, akairudia, akaimaliza karibu na mwaka ule wa msiba. Bibi harusi na marehemu wamo katika picha moja. Alikaa nayo nyumbani miaka kumi baada ya kifo, ndipo alipomwuzia rafiki yake Jan Six, mwaka 1652.

BAADA YA MSIBA

Mwaka uleule aliofiwa na Saskia, Rembrandt alimaliza mojawapo ya picha kubwa kuliko zote alizochora, ya askari wa mji wakijiandaa kutoka. Watu huiita Lindo la Usiku. Sifa yake ilikuwa juu kabisa. Kisha jambo la ajabu likatokea. Kwa muda wa miaka kama kumi alichora sura chache sana za watu waliokuja kumlipa.

Wataalamu wanabishana juu ya sababu. Wengine husema matajiri walianza kupenda picha laini zinazong'aa, na Rembrandt hakutaka kuwafuata. Wengine husema alikuwa mgumu kuelewana naye, akichelewesha kazi za watu. Mambo hayo yalikuwapo. Hata hivyo, mtu aliyefiwa hahitaji mtaalamu wa kumweleza kwa nini mwenye kutazama nyuso siku zote atachoka kuzitazama. Rembrandt alianza kutoka nje ya mji kwa miguu. Alichora miti, nyumba za wakulima, mifereji, na anga. Mwaka 1643 alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba, akalipaka wino na kuchapa karatasi. Ni picha ya miti mitatu imesimama peke yake juu ya tuta, na mvua kubwa inapita.

Sasa lazima niseme jambo lisilompa heshima. Huzuni haimfanyi kila mtu kuwa mwema. Baada ya kifo cha Saskia, mjane mmoja aliyeitwa Geertje Dircx aliajiriwa amlee Titus. Rembrandt akaishi naye. Kisha akaja mtumishi kijana, Hendrickje Stoffels, na moyo wa Rembrandt ukahama. Geertje alimshtaki mwaka 1649, akisema aliahidiwa ndoa. Mahakama ikaamuru Rembrandt amlipe gilda 200 kila mwaka. Mwaka 1650 Rembrandt alisaidia kumfungisha katika nyumba ya kuwarekebisha wanawake, katika mji wa Gouda. Mama yule aliyemlea mtoto wake alikaa humo miaka mitano. Picha nzuri haziwezi kulifuta jambo hilo, na wanaoandika maisha yake kwa kulificha wanawadanganya wasomaji.

Hendrickje alikuwa mwanamke mwenye subira. Mwaka 1654 wazee wa kanisa walimwita wakamlaumu kwa kuishi na Rembrandt bila ndoa, wakamzuia kushiriki meza ya Bwana. Wakati huo alikuwa mjamzito. Mwezi Oktoba alijifungua binti. Wakamwita nani? Cornelia. Hii ilikuwa mara ya tatu Rembrandt kumpa mtoto jina la mama yake, na Cornelia huyu wa tatu aliishi.

Kuoana hawakuoana. Wosia wa Saskia ulikuwa na sharti lake, na Rembrandt hakuwa tena na mali ya kumudu hasara hiyo. Deni la nyumba lilimfuata. Biashara ya nchi ililegea kwa sababu ya vita na Uingereza. Naye mwenyewe alipenda mno kununua vitu minadani. Mwaka 1656 alifilisika. Makarani waliandika orodha ya mali zake, mafungu 363: picha, silaha za zamani, sanamu, meza, hata mashuka. Vyote vikauzwa. Nyumba nayo ikauzwa, wakahamia mtaa wa watu wa kawaida.

NYUSO ZA MIAKA YA MWISHO

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Tuziweke pamoja picha alizochora akiwa kijana na zile alizochora baada ya kuzika.

Katika zile za kwanza, jicho lako huenda kwenye nguo. Uso ni mzuri, lakini kola ni nyeupe mno na pete inameta. Katika zile za baadaye, nguo zimeachwa gizani. Rembrandt alizipaka kwa brashi pana, kwa haraka, kama mtu anayesiliba ukuta. Mahali pengine aliikwaruza rangi mbichi kwa mpini wa brashi. Mwanga wote ameuweka usoni na mikononi. Rangi usoni ni nzito, tabaka juu ya tabaka, na kila mkunjo wa ngozi umeachwa ulivyo.

Mwaka 1655 alimchora Titus, mtoto pekee aliyebaki kwa Saskia. Titus alikuwa akikaribia miaka 14. Ameketi nyuma ya meza ya kuandikia. Mkono mmoja umeshika kalamu, kidole gumba kimegusa shavu. Anafikiri la kuandika, na bado hajalipata. Ndugu msomaji aliyekaa darasani kwenye kisomo na kalamu mkononi anaijua hali hiyo! Meza ya mbao imepakwa ovyo ovyo, lakini uso wa mtoto umechorwa polepole na mtu asiyetaka kuondoa macho yake. Sidhani kama baba asiyezika watoto watatu angeuchora uso ule hivyo.

Karibu na mwaka 1661 alichora bibi mmoja tajiri wa mji wa Dordrecht, Margaretha de Geer. Mwaka huo bibi huyo alifiwa na mume wake. Ameketi kitini, amevaa kola kubwa ya mtindo wa zamani. Mkono mmoja umeshika leso. Ngozi imeshikana na mifupa. Mchoraji mwingine angempunguzia miaka ili apate malipo mazuri. Rembrandt hakumpunguzia hata mmoja. Lakini bibi haonekani wa kuhurumiwa. Anatazama mbele kama mtu aliyekwisha kuona, na ambaye bado yuko.

Mwaka 1661 pia aliweka tarehe juu ya picha ya Waafrika wawili. Amsterdam ilikuwa na bandari kubwa, na watu weusi waliishi mjini humo. Wachoraji wengi wa nchi zile waliwaweka watu weusi pembeni mwa picha, wakibeba sinia au kumshikia tajiri farasi. Rembrandt aliwaweka katikati, peke yao. Mmoja ameinamisha kichwa begani kwa mwenzake, macho yamechoka. Picha hiyo iko katika mji wa The Hague mpaka leo.

Tena alijichora mwenyewe. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana, akitumia kioo. Picha za rangi za uso wake mwenyewe ni kama 40. Katika zile za ujana amevaa kofia za fahari na minyororo ya dhahabu. Katika zile za uzee mashavu yameshuka, pua imevimba, nywele ni mvi. Hajifichi na wala haombi kuonewa huruma.

MISIBA YA MWISHO

Mwaka 1660 Hendrickje na Titus walianzisha biashara ya picha kwa majina yao, wakamwajiri Rembrandt. Kwa njia hiyo waliomdai hawakuweza kuzichukua picha mpya. Mtoto na mama wa kambo walimlinda mzee wao.

Hata hivyo, shida haikuisha. Mwaka 1662 Rembrandt aliuza kaburi la Saskia katika Kanisa la Kale. Wakati ule makaburi ya ndani ya kanisa yaliuzwa na kununuliwa kama viwanja. Mwaka 1663 tauni iliingia Amsterdam, na mwezi Julai Hendrickje akafariki. Akazikwa katika Kanisa la Magharibi.

Titus alioa mwezi Februari, 1668. Mwezi Septemba mwaka huohuo naye akafariki, bado hajatimiza miaka 27. Mke wake alikuwa mjamzito. Mwezi Machi, 1669, mtoto wa kike akazaliwa. Alipewa jina la Titia, kwa jina la baba yake ambaye hakumwona.

Sasa Rembrandt alibaki na Cornelia, binti wa miaka 14. Aliendelea kufanya kazi. Ni karibu na miaka hiyo ya mwisho alipochora picha kubwa ya baba akimpokea mwana mpotevu, kama ilivyo katika Injili. Mwana amepiga magoti, viatu vimechakaa, nyayo zinaonekana. Baba ni mzee, macho yake ni kama hayaoni. Ameweka viganja vyote viwili juu ya mgongo wa mwanawe, anampapasa, kama anayetaka kujua kwa mikono kwamba ni yeye kweli.

Mwaka 1669 alijichora tena. Picha moja ya mwaka huo iko London. Wataalamu waliipiga picha kwa mionzi kama ile ya hospitali inayoonyesha mifupa, wakaona yaliyo chini ya rangi. Kwanza Rembrandt alikuwa amejichora na brashi mkononi. Kisha akabadili. Brashi akaifuta, mikono akaikutanisha mbele yake, ikatulia. Uso umegeuka kidogo na unamtazama yeyote anayekuja mbele yake.

Alifariki tarehe 4 Oktoba, 1669, akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa katika Kanisa la Magharibi, katika kaburi la kukodi lisilo na jina. Katika chumba chake cha kazi ilibaki picha ambayo hajaimaliza. Ilikuwa ya mzee Simeoni, macho yamefumba, amepakata mtoto mchanga.

Cornelia aliolewa mwaka uliofuata, akasafiri na mume wake kwa meli mpaka Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta, katika nchi ya Indonesia. Huko, mwaka 1673, alijifungua mtoto wa kiume. Akamwita Rembrandt.